Bendi ya wanawake peke yao, nyimbo za kujicheka wenyewe: je, Amu itacheka nasi?

Mpiga Matari (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanajamvi.

Sisi ni wanawake wanne wa mtaa wa Langoni, hapa kisiwani Lamu, au Amu kama tunavyoiita wenyewe. Tangu msimu wa kaskazi uliopita tumekuwa tukikutana baada ya sala ya alasiri nyumbani kwa mmoja wetu, tukipiga ala na kutunga nyimbo. Mmoja anapiga udi, mmoja tashkota (ala ya nyuzi yenye vibonyezo), mmoja gitaa, nami nashika matari na ngoma ya dumbak. Hatuna mfadhili wala meneja, na jina la kundi bado tunagombania. Nyimbo zetu ni za kuchekesha, ila hatumcheki jirani, mke mwenza wala wifi. Tunajicheka sisi wenyewe, na juu ya jambo hilo ndipo ninapotaka mawazo yenu.

Muziki wa namna hii tuliusikia kwanza kutoka mbali. Mwaka 1979 ndugu watatu wa kike wa New Jersey, Marekani, Maggie, Terre na Suzzy Roche, walitoa albamu iliyobeba jina la familia yao, The Roches. Aliyewasimamia studioni alikuwa mpiga gitaa wa Uingereza, Robert Fripp, naye aliziacha sauti zao zikae kama zilivyo, bila urembo mwingi juu yake. Katika wimbo wa kufungulia wanajitambulisha kwa majina, kama wageni waliobisha hodi na kukuta hakuna anayewajua. Katika mwingine, mwimbaji anamsihi mwajiri wake wa zamani wa mkahawani amrudishie kazi kwa kuwa fedha zimemwishia, na anaahidi kwamba safari hii atakuwa mpole kwa wateja. Msikilizaji anacheka, kisha anatambua kwamba anayemcheka ni mtu mwenye njaa aliyeamua kuisimulia njaa yake kwa ucheshi kabla wengine hawajaisimulia kwa huruma. Hao walianza chini ya kampuni kubwa ya rekodi, kwa hiyo siwaleti kama mfano wa uhuru wa kifedha. Nawaleta kwa ajili ya pale mwimbaji anaposimama ndani ya wimbo wake.

Baadaye tukawapata Katzenjammer wa Oslo, Norway, wanawake wanne waliounda kundi lao mwaka 2005 na kutoa albamu ya kwanza, Le Pop, mwaka 2008. Jina lao linatokana na katuni ya zamani ya magazeti ya Marekani. Wao walikuwa wakibadilishana ala jukwaani: aliyepiga ngoma wimbo huu alishika kinanda wimbo uliofuata, na katikati yao ilisimama balalaika (ala ya nyuzi ya Kirusi) kubwa ya besi yenye sura ya paka. Baada ya albamu yao ya tatu, Rockland, ya mwaka 2015, waliacha kupiga pamoja. Kwao kichekesho kimo ndani ya muziki wenyewe kuliko ndani ya maneno, na mtu asiyejua lugha wanayoimbia bado atatabasamu.

Sasa turudi nyumbani. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba wanawake wa pwani hii hawajui kuchekesha. Vugo la arusini na pembe zake, ngoma za chakacha na lelemama, mipasho ya taarabu: vyote vimejaa utani, mafumbo na maneno yenye ncha. Lakini nikitazama kwa makini naona kwamba kicheko chetu mara nyingi kina mlengwa, naye huwa amekaa upande wa pili wa ukumbi. Mwimbaji husimama juu, mwenye kuimbwa yuko chini. Katika nyimbo ninazozisifu, mwimbaji mwenyewe ndiye aliye chini, na anamwalika msikilizaji ashuke wakae pamoja. Naamini jambo hili linawezekana kwa Kiamu na kwa mapigo yetu, bila kuiga gitaa la New Jersey. Nyinyi mnaonaje?

Mkaa Daka

Waaleikum salaam. Maelezo ni mazuri, dada, lakini wimbo haujadiliwi bila kusikika. Weka angalau beti mbili hapa tuone kama tutacheka. Mimi nina wasiwasi na watu wanaoeleza kichekesho kabla ya kukitoa.

Mpiga Matari

Haki yako, kaka. Huu ni mwanzo wa wimbo unaosimulia mwanamke aliyejipamba kwenda arusini, akakutana na punda katika kichochoro ambacho hawawezi kupishana:

*Punda ameziba ndiya,*
*mzigo umemwegama,*
*harusini nakimbiya,*
*punda hutizama nyuma.*

*Wanja wangu umevuya,*
*viatu nimepakata,*
*na punda simuambiya*
*neno asije kuteta.*

Mapigo ni ya chakacha, ila ya polepole kuliko ya arusini. Tashkota hucheza kijisehemu kifupi kila punda anapotajwa.

Mkaa Daka

Nimecheka kwenye "asije kuteta". Endeleeni.

Bibi wa Mkomani

Wanangu, nimesoma yote kwa utulivu, na kwa kuwa nimepiga pembe za vugo tangu usichana, naomba mnivumilie niseme kwa urefu.

Mwanzisha uzi amesema kweli kwamba kicheko chetu kina mlengwa, lakini hakusema kwa nini. Kijembe kina kazi yake. Mwanamke wa mji huu, kwa zama nyingi, hakuwa na baraza la kukaa na kusema neno lake mbele ya watu. Arusi ndiyo iliyokuwa baraza lake. Usiku wa kupamba, wanawake peke yao wakiwa wamekusanyika, aliweza kumwambia mtu kwa wimbo jambo ambalo asubuhi yake asingeweza kumwambia kwa kinywa kitupu, na aliyeambiwa naye alikuwa na haki ya kujibu arusi ijayo. Vyama vya lelemama vya Mombasa wakati wa ukoloni vilishindana kwa mavazi, kwa vyeo na kwa nyimbo, na wako waliojifilisi kwa ajili ya mashindano hayo. Huo haukuwa upuuzi. Heshima ya mtaa mzima ilikuwa imewekwa katika ubeti mmoja.

Mkumbukeni pia Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, mzaliwa wa kijiji cha Fumba aliyeuza vyungu vya udongo, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Wenye husuda walimtungia maneno juu ya sura yake na asili yake ya shamba. Siti hakujicheka. Aliwajibu kwamba uzuri wa sura si hoja, na jibu lake ndilo linaloimbwa hadi leo. Nadhani alijua kwamba mwanamke masikini akianza kujicheka mbele ya wakubwa, wakubwa watamsaidia kucheka na hawatajua wapi pa kukomea.

Na hili la mwisho ndilo ninalowaonya zaidi. Mwimbaji wa mji mkubwa wa Marekani akiimba kwamba hana fedha na anaomba kurudishwa kazini, wasikilizaji wake wanapanda gari wanakwenda zao, na kesho hakuna anayemjua sokoni. Amu si hivyo. Ukiimba kwamba wanja wako umevuja ukiwa nyuma ya punda, wiki nzima watoto wa Langoni watakuita Bibi Punda, na binti yako akija kuposwa, upande wa pili watakumbuka. Kujicheka ni anasa ya mji ambao watu hawajuani.

Fundi wa Nyuzi

Shikamoo bibi. Hoja yako ni nzito na nitawaachia wenyewe waijibu. Mimi natengeneza ala, nitasema ninalolijua.

Nimefurahi kusikia tashkota imo. Watu wengi hapa huidhani ni ala ya Bara Hindi au ya Waarabu. Asili yake ni Nagoya, Japani, ambako iliundwa mwaka 1912. Ina vibonyezo kama vya mashine ya kupigia chapa, vinavyobana nyuzi za chuma, na ilifika pwani zetu kwa njia ya biashara ya bahari. Katika taarabu ya Mombasa, kundi la Zuhura Swaleh liliifanya kuwa sauti yake ya kutambulikia, pamoja na mapigo ya chakacha. Ina mlio mkali wa juu, wenye kiherehere kidogo, na kwa nyimbo za ucheshi haina mpinzani. Tatizo lake ni kutu. Hewa ya chumvi ya kisiwa hula nyuzi zake haraka, hasa zikiachwa wazi dirishani. Zifuteni kwa kitambaa kikavu kila mkimaliza kupiga, mzifunike, na muwe na nyuzi za akiba, kwa sababu hapa huzipati dukani.

Jambo la pili ni mpangilio. Wimbo wa kuchekesha hufa neno moja lisiposikika. Katika arusi za siku hizi kinanda cha umeme hupigwa kwa sauti inayotikisa vioo, na hata kijembe kilichotungwa kwa ustadi hugeuka kelele. Nyinyi mna udi, tashkota, gitaa na matari: tayari ni nyingi. Mstari wa tatu wa kila ubeti acheni dumbak peke yake, na mstari wa nne, panapokaa kichekesho, kila kitu kinyamaze isipokuwa sauti. Ngoma irudi baada ya watu kucheka, si kabla.

La tatu, msikimbilie kuimba kwa sauti tatu zinazopandana kama wale ndugu wa Roche. Wao walikua wakiimba pamoja nyumbani, na zile sauti zao zinazokaribiana hadi kukwaruzana hazijifunzwi kwa msimu mmoja. Taarabu ina kiitikio cha sauti moja, na hicho kinaweza kufanya kazi ambayo wao hawakuweza kuifanya. Mwimbaji mkuu awe ndiye mwenye shida, na waitikiaji wawe majirani wasiomwamini. Yeye akisema punda amemzuia, wao waitikie wakiuliza kwa nini hakutoka mapema.

Mzawa wa Shela

Mimi nauliza jambo ambalo hakuna aliyeligusa: mtakula nini? Niliishi Malindi kwa muda nikifanya kazi katika hoteli za watalii, na nawaambia kwamba hoteli zinahitaji bendi inayoimba nyimbo zilezile za kuwakaribisha wageni, usiku baada ya usiku. Mtalii wa Italia hatacheka na punda wenu, kwa sababu hajui Kiswahili. Arusini nako mwenye shughuli analipia kijembe, ndicho anachokitaka. Kundi huru linaloimba utani wa namna nyingine kwa lugha ya mji mmoja lina soko dogo.

Les Amazones de Guinée, bendi ya wanawake peke yao ya Guinea iliyoanzishwa mwaka 1961, ilidumu kwa sababu wanamuziki wake walikuwa askari wa jeshi la polisi na serikali iliwalipa mishahara. Tausi wa Unguja, kundi la taarabu la wanawake wanaopiga ala zote wenyewe, wamo katika mji wenye chuo cha muziki na tamasha la Sauti za Busara, linaloleta wageni tangu mwaka 2004. Nyinyi mna nini?

Mkaa Daka

Wana punda.

Msomaji Kimya

Samahanini, nauliza kwa adabu. Je, mmewaza juu ya wanaume kusikiliza? Familia nyingi hapa hazitaridhia mabinti zao wapande jukwaani katika uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, hata kama wimbo ni wa punda. Silaumu, nauliza tu mpango wenu.

Mpiga Matari

Ahsanteni nyote. Nianze na Bibi, kwa sababu maneno yake yalitufanya tukae tukibishana hadi magharibi ikatukuta.

Shikamoo Bibi. Nakubali kwamba Amu watu wanajuana, na kwamba jina la utani hapa hudumu kuliko jina la cheti. Lakini naona kujuana huko kunaweza kutusaidia. Msikilizaji wa Marekani hajui kama kweli mwimbaji alifukuzwa kazi. Msikilizaji wa Langoni anajua kabisa kwamba mwimbaji wetu ni mtu nadhifu asiyekwenda popote bila kupiga pasi, na kwa hiyo akimsikia akisema wanja umevuja, anatambua mara moja kwamba huyo ni mhusika wa wimbo. Watunzi wetu wamekuwa wakisema "mimi" katika mashairi kwa karne nyingi bila kila "mimi" kuwa mtunzi. Kinachotakiwa ni kuchagua aibu ambayo kila mwanamke chumbani ameipitia. Aibu ya punda ni ya wote. Hakuna aliyezaliwa mji huu ambaye hajawahi kubanwa ukutani na magunia ya simenti yakipita. Aibu ya fedha, ya ndoa au ya mtoto hatutaigusa kwa jina la "mimi", na hapo nimelichukua onyo lako kama lilivyo.

Kuhusu Siti, naheshimu sana ulivyolisema. Yeye alikuwa akijibu shambulio, na anayeshambuliwa hana nafasi ya kujicheka. Sisi hatujashambuliwa na mtu bado. Tukishambuliwa, vijembe tunavijua.

Mzawa wa Shela, jibu la swali lako ni kwamba kila mmoja wetu ana kazi yake. Mmoja hushona, mmoja hufundisha chekechea, mmoja anauza viungo na achari, nami nasaidia katika duka la familia. Muziki hautulishi na hatujauomba utulishe. Kwangu mimi huo ndio uhuru wenyewe: hakuna mwenye shughuli wa kutuambia tumpashe nani, na hakuna meneja wa hoteli wa kutuambia tuimbe nini. Gharama yetu ni nyuzi, ngozi ya dumbak na nauli ya mashua mtu anapovuka kwenda Mokowe, bara, kutafuta gari. Ukituuliza kama tunaweza kuzunguka na kurekodi kwa namna hiyo, jibu ni hapana, na sioni haja ya kujifanya vingine. Hata Tausi sidhani walianza kwa kuhesabu wageni.

Msomaji Kimya, swali lako ni la busara na tumelijadili na wazazi. Tutaanza na mikusanyiko ya wanawake nyumbani, ambako kila mmoja atakuwa huru. Mmoja wetu hataki kabisa kupanda jukwaani, mwingine angependa, na tumekubaliana kwamba kila mtu atafuata ridhaa ya nyumbani kwake bila kumlazimisha mwenziwe. Kurekodi sauti bila picha kumekubaliwa na wote.

Fundi, ushauri wa mstari wa nne tumeujaribu leo, na tofauti ni kubwa mno. Wimbo wenyewe ni uleule, lakini sasa wasichana wa nyumba ya pili walicheka kupitia ukutani. Waitikiaji kama majirani tumewapenda pia, ila mpiga gitaa anashindwa kuitikia kwa ukali huku akihesabu mapigo, kwa hiyo kwa sasa tunaitikia wawili.

Bibi wa Mkomani

Marahaba wanangu. Jibu la "mimi" wa wimbo nimelikubali nusu. Nusu nyingine mtaijua mkiwa na mabinti wa kuoza.

Lakini wimbo wenu una kasoro ya utunzi, na nisipoisema nitakuwa nimewanyima haki yenu. Katika beti mlizoweka, punda hajapewa nafasi ya kujibu. Katika vugo hakuna anayeimbwa bila kupewa zamu yake. Mmemtaja mara tatu na yeye kimya. Kwa nini amesimama? Mzigo wake ni nini? Mkilijibu hilo, mwanamke aliyepamba wanja ndiye atakayekuwa mjinga wa kisa, na mtapata kile mnachokitafuta bila kumdhalilisha yeyote. Hebu jaribuni huu:

*Punda kanambia: "Bibi,*
*mimi nami ni mgeni,*
*mchele wa masahibi*
*umo humu mgongoni."*

Mkaa Daka

Basi. Uzi ufungwe, bibi amemaliza.

Fundi wa Nyuzi

Usifungwe bado. Kwa ubeti huo mapigo yabadilike. Punda akianza kusema, udi ushike sauti ya chini polepole, kwa maqam (mpangilio wa sauti) ya huzuni kidogo, kana kwamba ni mzee mwenye hekima anayenena. Zein l'Abdin, mwana wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, aliupiga udi kwa namna ambayo msikilizaji alinyamaza kabla hata maneno hayajaanza. Heshima ya namna hiyo mpeni punda. Kadiri udi utakavyokuwa na haiba, ndivyo watu watakavyocheka wakisikia habari ya mchele.

Mzawa wa Shela

Naona sasa kwamba mtalii wa Italia hajui anachokikosa. Mkirekodi sauti, nitumieni. Nina jamaa Malindi na Watamu ambao watausambaza kwa simu zao, na hakuna atakayeomba malipo.

Mpiga Matari

Bibi, ubeti umeingia katika wimbo leo hii, na tungependa jina lako litajwe kama mtunzi wake, ukiridhia. Ukikataa tutasema ni wa mwanamke wa mtaa wa Mkomani, jambo ambalo watu wa Langoni watalipokea kwa shida, lakini watalipokea.

Mpiga udi anasema maqam anayoiwaza ni hijazi, na Fundi atueleze kama ni ya huzuni kupita kiasi kwa punda. Tukishakubaliana tutaupiga mbele ya wanawake, nyumbani kwa mpiga gitaa, usiku baada ya isha, kisha turekodi sauti kwa simu katika chumba cha ndani, mbali na mashine ya jenereta ya jirani. Fundi, mtu wetu anakuja na mashua wiki ijayo. Zile nyuzi za akiba za tashkota ulizotushauri tuwe nazo, zikiwa tayari, mpe yeye, pamoja na bei yake.